Somo: Jinsi ya kulisoma gofu la jumba la kitajiri, tukianzia Witley Court

Ndugu zangu, wengi wetu tukifika kwenye gofu tunapiga picha mbili tatu na kuondoka. Leo naomba tukae kidogo. Nyumba iliyo salama imevaa lipu, mazulia na mapazia, huwezi kujua ilijengwaje. Gofu limevuliwa nguo zote hizo. Mfano wetu ni Witley Court, kule Worcestershire, Uingereza, lililoshika moto usiku wa tarehe 7 Septemba 1937 na halikujengwa tena.

Hatua ya 1: Zunguka nje kwanza. Usikimbilie kuingia. Utaona minara miwili, halafu baraza kubwa za nguzo ndefu mbele na nyuma. Jiulize kama vitu hivi ni vya umri mmoja. Si vya umri mmoja, na jibu utalipata hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Tafuta mahali jiwe lilipobanduka. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu ndipo jumba linapotoa siri yake. Ukitazama kwa mbali utaapa kwamba lote ni la mawe ya kuchongwa, yale ya rangi ya maziwa yanayotoka mji wa Bath. Sogea karibu, pale kipande kilipoanguka: nyuma yake kuna tofali jekundu. Jiwe ni koti tu!

Tofali hilo ni la nyumba ya karne ya 17. Thomas Foley, tajiri wa chuma, alinunua mali hiyo mwaka 1655, na ukoo wake ukaikuza. Mwanzoni mwa miaka ya 1800 mbunifu John Nash akaongeza zile baraza za nguzo. Mwaka 1837 ukoo wa Foley ukauza kwa wadhamini wa William Ward, aliyerithi utajiri wa makaa ya mawe na chuma, na katika miaka ya 1850 mbunifu Samuel Daukes akalivika jumba zima jiwe la Bath kwa mtindo wa Kiitalia. Kwa hiyo ukuta mmoja una vizazi vitatu, na moto ndio uliotufunulia.

Hatua ya 3: Hesabu ghorofa kwa kutumia meko. Ingia ndani, inua macho. Utaona meko ya kuotea moto yako juu ukutani, peke yake, hakuna sakafu chini yake. Sakafu ilikuwa usawa wa mguu wa meko hayo. Angalia pia matundu ya ukutani yaliyo kwenye mstari mmoja: humo ndimo vichwa vya boriti vilimoingia. Ukishayaona, vyumba vinajipanga vyenyewe kichwani, hiki juu ya kile.

Hatua ya 4: Tenganisha kazi ya moto na kazi ya watu. Moto ulianzia chini, kwenye chumba cha kuokea mikate, na haukuteketeza jumba lote. Mwenye nyumba wakati huo, Herbert Smith, mfanyabiashara wa mazulia, hakulijenga upya, akaliuza. Baadaye vitu vya thamani viling'olewa kimoja kimoja. Hilo linaniuma kuliko moto wenyewe.

Hatua ya 5: Malizia kanisani. Kanisa limeungana na jumba, na moto haukulifikia. Usitoke Witley bila kuingia humo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, kwa nini serikali isilijenge upya likawa kama zamani?*
Dada yangu, tangu 1972 liko chini ya ulinzi wa serikali, na sasa English Heritage, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, ndio wanaolitunza. Wanaimarisha kuta zisianguke, na chemchemi kubwa ya sanamu za Perseus na Andromeda, wale wa hadithi za kale za Kigiriki, wameifufua, inarusha maji tena. Jumba lenyewe mimi ningeliacha hivyo hivyo. Ukilijenga upya unalifunika lile tofali.

*Mbona meko ni mengi namna hiyo?*
Baridi, kaka. Karibu kila chumba kilihitaji moto wake, na kila meko yalihitaji njia yake ya moshi ndani ya ukuta. Na kumbuka Ward alikuwa na migodi yake ya makaa.

*Mimi niko Malindi. Njia hii itanifaa nikienda kwenye magofu ya Gedi?*
Itakufaa sana, ila usitafute meko. Pima upana wa vyumba. Utaona ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari.

*Nimeona picha za dari la kanisa, nyeupe na dhahabu. Ile ni plasta?*
Hapana, ni karatasi! Mwaka 1747 vitu vya Cannons, jumba la Duke wa Chandos karibu na London, vilipigwa mnada. Michoro ya dari iliyochorwa na Antonio Bellucci na madirisha ya vioo vya rangi vikahamishiwa Witley. Mapambo ya plasta hayakuweza kung'olewa, hivyo yakanakiliwa kwa karatasi iliyolowekwa, ikafinyangwa na kupakwa dhahabu. Nilisimama chini yake shingo ikaniuma, na bado macho yangu yalikataa kuamini kwamba ni karatasi.