Jinsi ya kupaki suti ya kazi ya safari ya Japani

Kuna dogo wa ofisini anaenda Osaka kuonana na wenzetu wa kule, nimemsaidia kupanga begi, nikaona niandike kabisa maana maswali yake ndo yale yale ya kila mtu.

1. Rangi
Bluu iliyokolea au kijivu kizito, shati jeupe, imeisha hiyo. Tai nyeusi tupu iache nyumbani, kule ni ya msibani, na nyeupe ni ya harusini. Ukienda kipindi cha joto utawakuta wengi hawana tai wala koti, ni mambo ya Cool Biz, kampeni ya kuvaa kiwepesi, serikali yao iliianzisha 2005 ili ofisi zisiwashe sana eisii. We beba tu, siku ya kwanza vaa, ukikuta mwenyeji hajavaa unavua.

2. Viatu
Vyeusi, visivyo na kamba, maana migahawa yenye mikeka ya tatami mnavua mlangoni na huwezi kuinama unafungua kamba wakati bosi wao anakusubiri. Soksi mpya.

3. Koti la suti
Hapa ndo penye kazi. Watu wananunua yale mabegi marefu ya suti, mi siyapendi, kwenye ndege utaambiwa ulikunje tu mwisho wa siku. Fanya hivi: toa kila kitu mifukoni, usifunge vifungo, geuza bega moja tu liwe ndani nje (mkono wenyewe uache ulivyo), halafu bega la pili liingize ndani ya lile uliloligeuza, kola zilale pamoja. Sasa bitana ndo iko nje. Chomeka tisheti ulizoviringisha kwenye mabega yasibonyee, kunja katikati mara moja, tumbukiza kwenye ule mfuko mwepesi wa nailoni ambao suti inarudi nao kutoka kwa dobi, ule utelezi ndo unazuia mikunjo. Ila hii inakubali zaidi kwa sufu, na kama hela ni ya mawazo nenda soko la Karume, Dar, utafute ya mtumba ya sufu, mpe fundi apunguze, inapiga ile mpya ya bei rahisi.

Liweke begi la mkononi, juu kabisa. Begi kubwa likichelewa Doha au Dubai, kikao hakikusubiri. Ila Emirates na Qatar Airways daraja la kawaida ni kilo 7, kwahiyo pima nyumbani. Usisafiri umelivaa, mgongo wote utakuwa kama chapati.

Ukifika litundike bafuni, fungulia maji ya moto mvuke ujae, kisha litoe likauke usiku kucha, usilivae na unyevu. Pasi yako ya kunyooshea nguo usibebe, umeme wao ni volti 100, yetu ya 230 itapata vuguvugu tu. Omba mapokezi, hoteli nyingi wanayo.

4. Vidogo vidogo
Leso, vyoo vingi havina cha kufutia mikono. Bizinesi kadi kwenye kikasha chake, sio mfuko wa nyuma wa suruali, na unampa mtu kwa mikono miwili. Kama ni Januari koti la baridi unalivua kabla hujaingia jengoni. Acha nafasi ya zawadi, kahawa ya Kilimanjaro wanaijua vizuri, ila chukua pakiti ndogo ndogo wagawane ofisi nzima.