Kupima ridi ya klarineti kwa geji kabla ya kuipitisha msasa

Ridi ni kile kipande chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni mwa klarineti. Ridi mbili za boksi moja, zote namba 3 kwa ugumu, moja inaimba na nyingine inakataa. Tofauti yake mara nyingi ni sehemu chache tu za mia za milimita, ambazo jicho halizioni. Geji inaziona. Ila geji hupima unene, haipimi ugumu wa tete lenyewe, kwa hiyo usikwangue popote kwa sababu ya namba peke yake.

Unahitaji geji yenye uso kama wa saa inayosoma 0.01 mm, iliyofungwa juu ya kitako bapa chenye kizuizi cha mbele na ukingo wa pembeni. Kijiti chake kinachogusa ridi kiwe na ncha ya mviringo, maana ncha kali huacha alama kwenye tete. Ongeza kioo kinene, msasa wa maji namba 400 na 600, penseli na karatasi.

Hatua ya 1: hakikisha tumbo la ridi, upande wake usio na ganda, ni bapa. Ilaze juu ya kioo. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, usomaji wowote utakaoupata ni wa uongo. Isugue polepole juu ya msasa namba 600 uliolazwa kiooni, kidole kikiwa mbali na ncha. Ridi mpya ipigwe dakika chache kila siku kwa siku tatu au nne kwanza. Tete linalozoea mate hubadilika umbo.

Hatua ya 2: weka sifuri. Futa kitako, shusha kijiti, zungusha uso wa saa hadi mshale usimame kwenye 0. Hakiki kwa bamba la 0.10 mm, la aina ile ambayo mafundi magari hupimia nafasi ya plagi. Mshale usiposoma 0.10, kuna uchafu chini au kijiti kimelegea.

Hatua ya 3: chora ramani. Ridi iwe kavu kila unapopima, kwa sababu tete lenye maji huvimba. Ilaze tumbo chini, ncha ikielekea mbali nawe. Ikikaa hivyo, kulia kwako mezani ndiko kulia kwako unapopiga. Ukiigeuza ncha ije kwako, pande zinabadilishana na utakwangua upande usio na kasoro. Andika K kwa penseli kwenye ganda, upande wa kulia. Pima katika milimita 1, 5, 10, 15 na 20 kutoka nchani: katikati, kisha milimita 3 na 5 kila upande. Inua kijiti kila unaposogeza ridi, kisije kikavunja pembe ya ncha, ambayo ina unene wa takriban 0.1 mm tu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mteremko wa ridi ni kama 0.06 mm kwa kila milimita ya urefu. Ridi ikiteleza nusu milimita kutoka kwenye kizuizi, usomaji unaruka 0.03 mm, na huenda tofauti unayoitafuta ni 0.02 tu. Pima kila nukta mara mbili. Zisipolingana, anza upya.

Hatua ya 4: sikiliza. Lowesha ridi, ifunge, piga G ya wazi, yaani bila kufunika tundu lolote. Zungusha klarineti kidogo ili mdomo ubane upande wa kulia. Wa kushoto ndio utakaotetemeka. Kisha kinyume chake. Upande unaotoa sauti nzito, iliyozibwa, ndio mgumu. Tuseme ni wa kulia, na ramani kwenye milimita 5 inasoma kushoto 0.36, kulia 0.40. Sikio na namba vimekubaliana: kwangua kulia. Namba zikiwa sawa lakini upande mmoja ni mgumu, tete la huko ni gumu zaidi. Fuata sikio, punguza nusu ya kiasi ulichokusudia. Upande mnene ukiwa ndio unaoimba vizuri, uache.

Hatua ya 5: punguza. Acha ridi ikauke. Ilaze juu ya kioo, kiishikilie hadi nchani, kisha vuta kipande cha msasa 600 kuelekea ncha mara tatu au nne, kwa uzito wa kidole tu. Pangusa vumbi, pima tena. Usizidi 0.02 mm kabla ya kupiga. Fanya kazi pembeni, kati ya milimita 3 na 15. Moyo, ile sehemu nene ya katikati, ukiupunguza sauti hupwaya na hairudi.

Ncha ikiwa nyembamba mno, ridi hulia kama nzi na noti za juu hushuka. Ikate 0.1 hadi 0.2 mm kwa mkasi maalumu wa ridi. Baada ya kukata, ramani ya zamani haifai tena, kwa sababu milimita 5 ya leo si ile ya jana. Chora nyingine.

Ridi inayokupendeza kuliko zote nayo ichoree ramani, na uihifadhi. Namba zake ndizo za kulinganishia nyingine za aina hiyohiyo, kwa kuwa kila aina ina mchongo wake.