SOMO: Kupandisha setipointi (nyuzi joto lengwa) za AC saa za kilele cha umeme kwa modeli ya Brick (someni kabla ya kunitumia PM)

Swali ni lilelile: programu ilikubali jengo la kwanza, la pili imegoma. Umeandika majina ya pointi (sensa na setipointi) ndani ya msimbo, basi. Huku sensa inaitwa AHU1_ZN_T, kule RM204-TEMP. Kwa Brick (msamiati wa pamoja wa kueleza vifaa vya jengo na uhusiano wao) programu inauliza kitu ni nini, haiulizi kinaitwaje.

1. Skani BACnet (itifaki ambayo vifaa vya jengo huwasiliana nayo, UDP 47808), hifadhi pointi zote kwenye CSV.

2. Sakinisha rdflib (maktaba ya Python), pakua Brick.ttl (faili la msamiati wenyewe).

3. Andika modeli (AHU ni mashine kuu ya kupoza na kusukuma hewa, VAV ni kisanduku kinachopima hewa ya eneo moja):

ex:AHU1 a brick:AHU ; brick:feeds ex:VAV204 .
ex:VAV204 a brick:VAV ; brick:hasPoint ex:SP204 .
ex:SP204 a brick:Zone_Air_Temperature_Setpoint .

feeds hufuata hewa inakoelekea. Ukiigeuza hakuna kosa litakalotokea, utapata tu majibu matupu. Na michoro ya aliyefunga mfumo usiiamini: pandisha setipointi moja, nenda kaangalie dampa (kilango cha hewa) gani inajifunga.

4. Pakia Brick.ttl na faili lako kwenye grafu MOJA, kisha uliza:

SELECT ?vav ?sp WHERE {
?ahu brick:feeds ?vav .
?vav a brick:VAV ; brick:hasPoint ?sp .
?sp a/rdfs:subClassOf* brick:Zone_Air_Temperature_Setpoint . }

5. Kuandika setipointi. Hapa ndipo majengo huharibika. BACnet ina ngazi 16 za kipaumbele, 1 ndiyo ya juu. Ngazi ya 8 ni ya mtu anayeendesha kwa mkono. Usiikalie, utamfungia fundi wa zamu nje ya mfumo wake. Tumia ya 12 au ya 13. Kilele kikiisha USIANDIKE 24 (nyuzi za awali) kurudisha, andika Null kwenye ngazi ileile. Ukiandika 24, amri yako inabaki pale na ratiba ya usiku iliyo chini yake haisikiki tena. Programu ikifa katikati, amri nayo inabaki, kwa hiyo weka mchakato wa pili, kwenye mashine nyingine, wa kuachilia kila kitu muda ukipita. Tena, setipointi nyingi ni AV (Analog Value, pointi ya kuhifadhi namba), na si kila AV ina ngazi hizo. Soma priority-array (orodha ya ngazi hizo) kwanza. Kama haipo, hifadhi thamani ya zamani uje uirudishe mwenyewe.

6. Achilia kwa makundi, dakika 10 kati ya kundi na kundi. Ukiachilia zote pamoja, chila (mashine ya kupoza maji ya AC) itapanda ghafla na utatengeneza kilele kipya.

MASWALI

Fundi_Baridi: Mkuu nimeuliza, sijapata kitu.
— Hatua ya 4. Neno MOJA liko kwa herufi kubwa.

Fundi_Baridi: Nimepakia lakini.
— Basi hatua ya 3, mwelekeo wa feeds. Weka msimbo wako hapa, mimi si mpiga ramli.

mama_umeme: Samahani mwalimu, chumba cha seva kinalishwa na AHU hiyohiyo. Nikitoe kwa jina?
— Swali zuri. Usikitoe kwa jina, kitoe kwa maana. Modeli iseme VAV inalisha zoni (eneo linalopozwa), zoni ina chumba (hasPart), kisha ongeza kwenye ulizo:
FILTER NOT EXISTS { ?vav brick:feeds/brick:hasPart ?r . ?r a brick:Server_Room }
Mstari huo utahama nao jengo hadi jengo.

Kijana_wa_Excel: Si bora Excel tu?
— Jengo moja, pointi 40, endelea na Excel. Jengo la kumi utanitafuta.

pwani_hvac: Kwa nini tusipandishe joto la maji ya chila tu? Pointi moja, kazi imeisha.
— Kwa hewa ya Dar au Mombasa ni hatari. Maji yakitoka 7°C kwenda 10°C, koili haikamui unyevu vizuri. Watu watalalamika kabla thermostati haijaonyesha kitu. Pandisha zoni nyuzi 1 au 2, maji yaache. Na jengo la zege lipoze mapema, saa moja au mbili kabla ya kilele.

pwani_hvac: Nyongeza: vidhibiti vingine huhifadhi AV kwenye flashi (kumbukumbu inayochakaa kwa kuandikwa) kila ukiandika. Usiandike kila dakika.
— Kweli kabisa. Andika thamani inapobadilika tu.