Bonaire: angalia mitungi ya hewa kabla ya chumba
Kule Bonaire, kisiwa cha Karibi, wazamiaji wengi huingia majini kutoka ufukweni, kwa hiyo usikimbilie kulipia boti ya wiki nzima. Tafuta malazi upande wa magharibi, uliokingwa na upepo, karibu na kituo ambako unaweza kuchukua mitungi hata alfajiri. Uliza kama bei inajumuisha naitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) na mkanda wa uzito. Kodi pikapu, mawe ya njano kando ya barabara ndiyo alama za pa kuingilia. Usiache kitu garini, hata miwani: wezi wanajua uko chini ya maji. Kabla ya yote utalipa ada ya hifadhi na kufanya mbizi ya majaribio. Glavu ni marufuku. Mbizi ya mwisho itangulie ndege kwa angalau saa 18. 24 ni salama zaidi.