Somo: Namna ya kusoma alama za mzinga wa kale kabla ya kuuliza umri wake

Swali la "mzinga huu ni wa mwaka gani?" nimelijibu mara nyingi mno, na kwa kuwa jibu huwa limeandikwa juu ya mzinga wenyewe, nimeona ni heri niweke somo moja ambalo nitamwelekeza kila atakayeuliza tena. Somo linahusu mizinga ya chuma cha kusubu, ile ya kushindiliwa kwa mdomoni tunayoikuta katika ngome, nyua na fukwe za mwambao wetu, hasa ya Kiingereza, kwa sababu ndiyo iliyojaa maandishi na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko mingine. Wengi wetu hatukusanyi mizinga. Tunakusanya vipimo, picha na nakala za alama, na mkusanyo wa namna hiyo ukiingiwa na kosa moja huwapotosha wote wanaonakiliana.

Hatua ya kwanza ni kuomba ruhusa ya mwenye mahali.

Hatua ya pili ni kuhakikisha kwamba mzinga ni mtupu. Ingiza ufito wa mbao polepole bila kuchokoa, kisha uulaze kwa nje na uulinganishe na tundu la moto lililo nyuma. Ukiona uliishia mbali kabla ya tundu hilo, kuna kitu ndani. Huenda ni takataka tu, lakini Januari 2013 mafundi waliokuwa wakisafisha mzinga wa Kiingereza katika bustani ya Central Park mjini New York waliukuta bado umeshindiliwa baruti na tufe lake. Ukiwa na shaka, acha na utoe taarifa.

Hatua ya tatu ni kupima upana wa tundu la mtutu kwa milimita, mara mbili kwa kukingamanisha, ukiingia ndani kiasi cha kiganja kwa kuwa ukingo huliwa na kutu. Kwa mizinga ya Kiingereza, milimita 93 ni mzinga wa tufe la ratili 6, 107 ni wa ratili 9, 117 ni wa ratili 12, 134 ni wa ratili 18, na 148 ni wa ratili 24.

Hatua ya nne ni urefu, unaopimwa kutoka ukingo wa mdomo hadi pete ya mwisho ya tako, bila kuhesabu kifundo cha nyuma.

Hatua ya tano ni nembo ya mfalme juu ya mtutu. Herufi GR zilizofumwa pamoja na tarakimu 2 ni za George wa Pili, aliyetawala 1727 hadi 1760. Zenye tarakimu 3 ni za George wa Tatu, 1760 hadi 1820. Alama ya mshale mpana yaonyesha tu kwamba mzinga ulikuwa mali ya serikali ya Uingereza.

Hatua ya sita ndiyo iliyonifedhehesha, na ndiyo ninayowaomba muisome mara mbili. Karibu na tako, mara nyingi nyuma ya tundu la moto, huchongwa tarakimu tatu zilizotenganishwa kwa vistari au nukta. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kuandika maelezo ya mzinga uliosimama katika ua wa nyumba moja ya zamani, nikaona 24-2-14, nikaandika kwa furaha kubwa kwamba ulisubiwa tarehe 24 Februari 1814, na fundi akayachora maneno yangu juu ya ubao kwa rangi nyeupe. Ubao ulikaa pale kwa miezi, mpaka alipopita mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa mizani bandarini, akausoma, akautazama mzinga, akaniambia, "Hii si tarehe, mwanangu, hii ni mizani." Tarakimu ya kwanza ni handredweti, ambayo moja ni ratili 112, ya pili ni robo za handredweti, yaani ratili 28 kila moja, ya tatu ni ratili zilizobaki. Basi 24 mara 112 ni 2,688, ongeza 56, ongeza 14, utapata ratili 2,758, ambazo ni karibu kilo 1,251. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nembo iliyokuwa juu ya mtutu ilikuwa na tarakimu 2, nami niliinakili kwa mkono wangu mwenyewe bila kujiuliza vipi mfalme aliyefariki 1760 atatiwa nembo juu ya mzinga wa 1814.

Chukueni tahadhari hizi. Tarakimu ya kati haizidi 3 na ya mwisho haizidi 27, kwa hiyo mkiona zaidi ya hapo mmesoma vibaya au mzinga si wa Kiingereza. Msidhani kwamba tarakimu ya kwanza ni uzito wa tufe: mzinga wa ratili 24 wenye urefu wa futi 9 na nusu huwa na handredweti zipatazo 50, na huu wangu wa handredweti 24 ulikuwa wa ratili 9, jambo ambalo kipimo cha tundu kingeniambia kama ningekipima. Wala msitie chaki au rangi ndani ya maandishi ili yaonekane. Tumieni tochi iliyolazwa ubavuni usiku, na vivuli vitawasomea.

Hatua ya saba ni vikono viwili vya ubavuni vinavyokalia gari la mzinga. Kiwanda cha Carron cha Uskoti kiliandika hapo jina lake na mwaka, na herufi F peke yake huwa ni ya Finspång, Uswidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Likoni: Nina picha ya mzinga wenye 18-3-0. Je, ni Machi 1800?

Jibu: Hatua ya sita, ndugu yangu. Ni ratili 2,100.

Mtafuta Mali: Nimeambiwa mizinga ya Mjerumani ina zebaki nyekundu ndani. Nikiupata mmoja nitauzaje?

Jibu: Haina. Aliyekuambia anatafuta mtu wa kumuuzia ramani. Kuhusu kuuza, sheria ya urithi ya Kenya ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, nacho hakichimbwi wala kusafirishwa nje bila kibali.

Mtafuta Mali: Nimeuliza tu, mbona unakuwa mkali?

Jibu: Nimejibu tu.

Bi Mwanasha: Shikamoo mwalimu. Pale Fort Jesus kuna mzinga wa Königsberg, meli ya vita ya Kijerumani, na wa Pegasus, meli ya vita ya Kiingereza, nami huichanganya. Vipimo vyako vinaweza kunisaidia?

Jibu: Marahaba, Bi Mwanasha, na ahsante kwa swali zuri. Hiyo ni mizinga ya kizazi kingine, ya kujazwa nyuma na yenye mifuo ndani ya mtutu, lakini utepe wa kupimia unatosha. Wa Königsberg ni wa sentimita 10.5, yaani milimita 105; wa Pegasus ni wa inchi 4, yaani milimita 101.6. Pima kutoka tuta hadi tuta la mifuo, si kutoka shimo hadi shimo, la sivyo tofauti ya milimita 3.4 itakupotea. Pegasus ilizamishwa na Königsberg bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, na Königsberg nayo ikaangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915, lakini mizinga yake kumi iliopolewa ikatiwa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmoja uko Pretoria.

Nahodha Pate: Wavuvi wetu wameona mzinga chini ya maji. Tukiutoa, tuuanike juani kwanza?

Jibu: Msiutoe kabisa, waiteni watu wa makumbusho. Chumvi ya bahari hula chuma na kuacha gamba laini lenye sura ile ile ya mzinga. Likikauka hupasuka na kumeguka pamoja na maandishi yote. Mafundi huuweka majini tangu siku ya kwanza, na kuutoa chumvi huchukua miaka.

Mwana Unguja: Hesabu hii inafaa kwa mizinga ya shaba ya Kireno?

Jibu: Haifai, ila njia ni ile ile. Wareno walipima kwa quintal yenye arroba 4, na arroba yenye arrátel 32, kila arrátel ikiwa karibu gramu 459. Yasome majina hayo kwa sauti: arroba ni neno la Kiarabu ambalo sisi tunaliita robo, na arrátel ndiyo ratili yetu. Kwa hiyo tarakimu ya kati bado haizidi 3, lakini ya mwisho yaweza kufika 31.

Mwana Unguja: Basi 29 niliyoinakili haikuwa kosa langu. Narudi kwenye daftari.