Unguja: tazama upepo na mwezi, si mvua peke yake

Masika, mwishoni mwa Machi hadi Mei, ahirisha safari ya Unguja. Baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga kabisa. Juni hadi Septemba mvua ni chache, lakini upepo wa kusi huvuma moja kwa moja Paje na Jambiani, pwani ya mashariki. Wanaoteleza majini kwa kaiti (tiara) watafurahi. Wenye watoto wadogo wakae Kendwa, kaskazini-magharibi, upande uliokingwa. Upepo wa kaskazi wa Desemba hadi Februari ni mwepesi zaidi, ila joto kali na bei hupanda.

Linalosahaulika ni bamvua, siku ambazo maji ya bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani ya mashariki maji hupwa mbali sana kwenye kama saa nne asubuhi, hivyo kuogelea ni alfajiri au alasiri. Viatu vya mpira ni lazima: kuna viumbe wa baharini wenye miiba.