Zungusha konvata kabla ya kukaza buloni za buati

Kwa mafundi wenzangu wa Goma, na nyie mnaoletewa buati otomatiki (giaboksi) za mitumba: kabla hamjaigusanisha buati na moteri, sukumeni konvata (ile sahani nene ya mafuta inayopeleka nguvu ya moteri kwenye buati) ndani ya buati huku mkiizungusha polepole. Itadondoka kidogo, kisha tena, mara nyingi mara tatu, tok, tok, tok. Ule mdondoko wa mwisho ndio wa pompi ya mafuta ya buati, na ndio wengi wanaouruka. Laza rula juu ya mdomo wa buati: matundu ya buloni (bolti) za konvata lazima yawe chini ya rula.

Halafu funga buloni za buati kwa vidole tu. Uso wa buati na wa moteri vikutane vyenyewe, na konvata bado izunguke kwa mkono, ikiwa na nafasi ya milimita chache kabla ya kugusa volani ya moteri (sahani inayofungwa konvata). Kama kuna mwanya na unataka kuuvuta kwa ufunguo, tafadhali acha, toa buati, anza upya. Konvata isiyoingia kwenye meno ya pompi inaivunja pompi wakati wa kukaza, hata kabla moteri haijawaka, na mteja analipia buati mbili.

Kipimo hiki hakisemi kama pompi ilishaharibika huko ilikotoka. Na konvata ikiwa ya buati nyingine, nafasi inaweza kuonekana sawa huku haifai. Linganisha kwanza na ile ya zamani.